Umakini Kazini ni Deni la Upendo

Mama mmoja mzee wa jumuiya yetu hapa Bigwa alianguka mlangoni pa bafu asubuhi moja ya kiangazi. Presha yake ilikuwa imeshuka mno. Mjukuu wake, anayesomea uuguzi, aliichukua bahasha ya dawa akakuta imeandikwa 1x3. Akatafuta cheti cha daktari, akakuta 1x1. Kwa siku mbili bibi yule alikuwa amemeza mara tatu kwa siku kidonge alichopaswa kumeza mara moja. Tunamshukuru Mungu alipona, na hadi leo anakuja kwenye sala za jumuiya akibebewa kiti chake na wajukuu.

Aliyeandika bahasha ile tunamfahamu. Ni muumini mwenzetu, mtu mwangalifu, anayefungua duka la dawa la mwajiri wake kila siku kabla ya saa mbili. Alipokuja kuomba radhi alitueleza yote bila kujitetea. Asubuhi ile, kama saa nne, simu yake ilitetemeka juu ya meza wakati bibi akiwa mbele yake. Ulikuwa ujumbe wa grupu la WhatsApp la jumuiya. Ndani yake kulikuwa na orodha ya watu ambao hawajatimiza ahadi zao za mchango wa jubilei, na jina lake lilikuwamo. Aliusoma. Akaanza kuwaza atajibu nini mbele ya watu wote wale. Mkono ukaendelea kuandika.

Hatuwezi kuapa kwamba ujumbe ule ndio uliogeuza moja kuwa tatu. Watu walikosea bahasha za dawa hata kabla simu hazijafika Morogoro. Mwenyewe anasema kosa ni lake, na kweli kalamu ilikuwa mkononi mwake. Lakini sisi tuliokaa kumsikiliza siku ile tulinyamaza kwa sababu nyingine. Ujumbe ule tuliutuma sisi. Na bibi alipopewa nafasi ya kusema, alisema neno moja tu: "Mwanangu, siku ile hukunitazama."

Tangu hapo hatuwezi tena kuzungumzia simu kama tulivyozoea.

Maneno mawili tunayoyapinga

Kwa miaka mingi, jambo hili likitajwa kanisani, tumekuwa tukisikia maneno mawili. La kwanza ni kwamba simu ni mtego wa shetani, nao vijana wamekwisha kunaswa. La pili ni kwamba tatizo ni la mtu binafsi: asiyejitawala ajitawale, azime simu yake, afunge Kwaresima nzima bila mtandao. Tunayapinga yote mawili, na tunaomba msomaji atuvumilie tueleze kwa nini.

Neno la kwanza linazidisha. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchambuzi wa takwimu za vijana zaidi ya 350,000 wa Uingereza na Marekani. Walikuta kwamba matumizi ya vyombo vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana na kijana. Hiyo haimaanishi kwamba hakuna kijana aliyeumizwa na simu. Tunao majumbani na tunawajua. Inamaanisha kwamba mhubiri anayeibebesha simu maovu yote ya kizazi hiki anashuhudia zaidi ya alichokiona, na ushahidi wa namna hiyo una amri yake.

Tena simu imetulisha. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, ada za watoto wetu wengi zimelipwa kwa kubonyeza namba. Mama wa milimani anajua bei ya ndizi katika Soko Kuu la Chifu Kingalu kabla hajajitwika mkungu. Kijana wa bodaboda anapata abiria kwa simu, na muuguzi wa zamu anampata daktari kwa simu. Anayewaambia hawa watupe simu zao hajawahi kula kwa jasho lao.

Neno la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linafanana na wema. Linatwambia kwamba kutawanyika kwa mawazo kazini ni dhambi ya anayetawanyika peke yake. Tunayo methali yake: mshika mbili moja humponyoka. Ni methali ya kweli. Lakini angalia jinsi tunavyoitumia. Tunamlaumu mshikaji, wala hatuulizi ni nani aliyempa cha pili hali akijua kwamba mkono mmoja tayari una kitu.

Watafiti wameona nini

Si lazima tusubiri maono ili kujua yanayotokea ndani ya kichwa cha mtu anayekatizwa kazini. Yamepimwa.

Mwaka 2010 Johanna Westbrook na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika hospitali mbili za Sydney, Australia. Waliwafuatilia wauguzi 98 wakati wa kuwapa wagonjwa dawa, kwa jumla ya mara 4,271. Kila muuguzi alipokatizwa, makosa ya utaratibu yaliongezeka kwa asilimia 12.1, na makosa ya dawa yenyewe kwa asilimia 12.7. Hapo hatuzungumzii simu peke yake. Tunazungumzia kukatizwa kwa namna yoyote. Na waliokatizwa hawakuwa wazembe, walikuwa wauguzi waliofunzwa, katika hospitali kubwa za nchi tajiri.

Atasema mtu: basi asiuguse ujumbe, auache ulie mpaka amalize. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2015 Cary Stothart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida State waliwapa watu kazi ya kuhitaji umakini, na katikati ya kazi wakawapigia simu au kuwatumia ujumbe. Watu wale hawakupokea wala hawakusoma. Hata hivyo makosa yao yaliongezeka. Mlio peke yake ulitosha, kwa sababu mlio ni swali, na akili ya binadamu haiwezi kulikalia swali kimya. Ni nani? Kuna nini nyumbani? Mtoto yuko salama?

Mwaka 2009 Sophie Leroy alionyesha jambo jingine ambalo kila fundi cherehani atalikubali. Mtu akihamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama hakuimaliza. Mabaki hayo humfuata, naye huifanya ile ya pili kwa akili pungufu. Mtupie mfanyakazi saa nne asubuhi jina lake kwenye orodha ya wadaiwa, na utakuwa umemwachia mabaki ya kumtosha hadi jioni.

Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta hukaa kwenye kioo kimoja kabla ya kuhamia kingine. Mwaka 2004 ilikuwa wastani wa dakika mbili na nusu. Mwaka 2012 ilikuwa sekunde 75. Katika vipimo vya miaka ya karibuni ni kama sekunde 47. Yeye na wenzake walionyesha pia, mwaka 2008, kwamba watu wanaokatizwa huweza kumaliza kazi kwa haraka zaidi, lakini hulipa kwa msongo, kuudhika na kuhisi kwamba muda unawakimbiza. Hilo linawajibu wanaotuuliza, "Mbona kazi inakwisha?" Inakwisha, ndiyo. Na anayeimaliza anarudi nyumbani akiwa amekwisha pia, watoto wanamsalimia naye anajibu kwa kichwa.

Si kila kinachosemwa juu ya simu kimethibitika kwa kiwango kimoja. Utafiti wa mwaka 2017 wa Adrian Ward na wenzake ulisema kwamba simu iliyo juu ya meza, hata ikiwa kimya, hupunguza nguvu ya akili kuliko iliyoachwa chumba kingine. Wengine waliorudia majaribio ya aina hiyo hawakupata jibu lile lile daima. Kwa hiyo hatujengi hoja yetu juu ya simu iliyolala. Tunaijenga juu ya simu inayolia, na juu ya kidole kilichoiliza.

Kuanzia saa nne hadi saa nane

Wapo wanaodhani balaa hili lilianza na intaneti. Kanisa lina kumbukumbu ndefu kuliko hiyo. Katika karne ya 4, katika jangwa la Misri, mmonaki Evagrius wa Ponto aliandika juu ya pepo wa uvivu wa roho, ambaye Mababa walimwita pepo wa adhuhuri. Anaeleza kwamba pepo huyo humvamia mmonaki kuanzia saa nne na kumzingira hadi saa nane. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kubadilisha saa hizo, maana tunahesabu mchana kama walivyohesabu wao. Mmonaki analiona jua kama limesimama. Anachungulia dirishani. Anatoka nje kuangalia kama saa tisa imekaribia, anatazama huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Mpe mmonaki yule simu janja na bando la siku, na hutaongeza chochote katika maelezo ya Evagrius isipokuwa chaji.

Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo kiini cha malalamiko yetu. Ndugu wa jangwani alikuwa anamsubiri mtu ambaye haji. Sisi tunafika. Pepo wa adhuhuri alipaswa kumshawishi mmonaki achungulie dirishani. Leo sisi ndugu zake ndio tunaogonga dirisha lile, mara arobaini kwa siku, na kila mara tunasema ni kwa ajili ya Bwana.

Turudi Bethania, nyumbani kwa Martha na Mariamu. Tumezoea kuwafanya dada hao vibango viwili: mmoja kazi, mwingine sala. Hivyo tunamwonea Martha. Mwinjili Luka hamlaumu kwa kupika. Bwana anamwambia kwamba anahangaika na kusumbuka kwa mambo mengi. Kazi yake haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuvutwa huku na huku mpaka akawa mbele ya Mgeni wake bila kumwona, na mwishowe akamlalamikia. Martha angeweza kupika akiwa mzima. Mwuza dawa anaweza kuhesabu vidonge akiwa mzima, na mwalimu akasahihisha daftari la mtoto wa mwisho kama la wa kwanza. Huo ndio utakatifu ulio wazi kwa sisi tusio wamonaki: kuwa mzima mbele ya mtu aliye mbele yetu.

Na Kanisa halilichukulii jambo hili kama adabu tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaihesabu kazi iliyofanywa vibaya miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba, ile inayokataza wizi. Mgonjwa asiyetazamwa ameibiwa. Mwanafunzi ambaye mwalimu wake anajibu ujumbe wa mkuu wakati wa kipindi ameibiwa. Abiria ambaye dereva wake anapangusa kioo akishika usukani kwa kiwiko ameibiwa kitu kikubwa zaidi. Tunauliza basi: mwizi akiwa ndani ya nyumba, aliyempigia mluzi akiwa nje anaitwaje?

Sisi wenyewe kwanza

Tuanze hukumu nyumbani mwa Mungu. Muumini wa kawaida wa Bigwa leo yumo katika grupu la jumuiya, la kanda, la kwaya, la chama cha kitume, la wazazi wa watoto wa Komunyo ya Kwanza, la kamati ya ujenzi na la kamati ya harusi ya mtoto wa mwenyekiti. Haya yote ni mbali na ya kazini kwake na ya ukoo. Kila grupu lina katibu mwenye bidii. Kila asubuhi linaanza kwa picha za maua na salamu, kisha masomo ya siku mara tano kutoka kwa watu watano, kisha "Amina" thelathini, kila moja ikiwa na mlio wake. Baada ya hapo huja michango.

Hapo kwenye michango tunapaswa kuona haya. Kuweka hadharani majina ya wasiotoa, katikati ya saa za kazi, ni kuifanya aibu iwe mtoza ushuru wa Kanisa. Yule mwenzetu wa duka la dawa hakuwa amekataa kutoa. Alikuwa anasubiri mshahara. Tulikuwa tunajua anapofanya kazi, na tungeweza kumpitia jioni tukiwa njiani kurudi nyumbani. Hatukufanya hivyo, kwa sababu kutuma ni rahisi. Anayetuma halipi kitu. Gharama yote anaibeba anayepokea, na siku ile ilibebwa na bibi ambaye hata simu ya kitochi hana.

Maaskofu wa AMECEA walipoamua mwaka 1976 kuzipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kipaumbele, walitaka Kanisa ambalo waamini wake wanajuana kwa nyuso na kwa majirani, wanaosali nyumba kwa nyumba na kujua nani anaumwa. Kama jumuiya hiyo hiyo imekuwa chombo cha kumzuia mtu asimtazame mgonjwa aliye mbele yake, basi tumeigeuza shati ndani nje na bado tunasifia vifungo.

Wala ibada haikusalimika. Tarehe 8 Novemba 2017, katika mafundisho yake kuhusu Misa, Papa Fransisko alisema inamsikitisha kuona simu nyingi zikiinuliwa kupiga picha wakati padre anawaalika watu kuinua mioyo, na kwamba walioziinua si walei tu, bali hata mapadre na maaskofu. Aliyetoka kwenye Misa ya namna hiyo Jumapili atajifunzia wapi kuwa mzima Jumatatu?

Baada ya kujihukumu, tunawageukia waajiri, maana nao ni waumini na wengi wao hukaa viti vya mbele. Mnatuma maagizo kwenye grupu la kazi saa nne usiku, na mnategemea majibu kabla ya saa tano. Mnauliza jambo la wiki ijayo wakati mtumishi yuko na mteja, kisha mnamkemea kwa kumchelewesha mteja. Mtume Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele. Usingizi uliozuiliwa nao una sauti yake.

Kengele tatu

Tuliokulia chini ya milima ya Uluguru tunaikumbuka kengele. Ililia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana. Nayo ilikatiza kazi. Aliyekuwa akilima aliegemea jembe, aliyekuwa jikoni alisimama. Hakuna aliyelalamika kwamba imemvuruga. Kwa nini?

Kwa sababu ilijulikana itakapokuja. Kwa sababu ilimsimamisha kila mtu kwa pamoja, bila kumchagua mmoja na kumwaibisha. Kwa sababu ilikwisha, ikamrudisha mtu kwenye jembe lake akiwa ametulia kuliko mwanzo. Na kwa sababu kati ya kengele moja na nyingine kulikuwa na saa sita ambazo hakuna aliyedai kuzigusa. Nabii Danieli naye alisali mara tatu kwa siku, na katikati aliiendesha serikali.

Watafiti wa siku zetu, bila kuwa na kengele akilini, wamefika karibu na mlango huo huo. Mwaka 2015 Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwachukua watu wazima 124. Kwa wiki moja kila mmoja alisoma barua pepe zake mara tatu tu kwa siku, na kwa wiki nyingine alizisoma apendavyo. Katika wiki ya mara tatu msongo ulipungua. Mwaka 2019 Nicholas Fitz na wenzake, Kushlev akiwemo, walichapisha jaribio la arifa za simu zenyewe. Waliokusanyiwa arifa zao wakaletewa mara tatu kwa siku walisema umakini wao umeongezeka, kazi inakwenda vizuri na moyo ni mwepesi zaidi. Lakini waliozimiwa arifa zote kabisa walizidiwa na wasiwasi wa kupitwa na mambo.

Tafakari tokeo hilo la mwisho, wewe unayehubiri "zima simu." Kuzima kabisa hakukuwaponya watu. Binadamu anataka kuitwa; Mungu mwenyewe alimwumba akiitwa kwa jina. Kilichomtuliza ni kuitwa kwa wakati. Minara ya mawasiliano imesimama kileleni Bondwa, na hatuombi ishushwe. Tunaomba ijifunze adabu ya kengele.

Na adabu hiyo si ngeni kwetu. Ukikutana na mama anayeshuka Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani, mahali pembamba penye utelezi, humsimamishi umwulize habari za watoto. Unampisha kwanza. Akishafika pa kusimama, ndipo mnasalimiana mpaka mridhike. Hakuna anayesema mama yule ajifunze kujitawala ili aweze kujibu salamu huku akiteleza. Sote tunajua kwamba usalama wa mzigo wake uko pia mikononi mwetu tunaokutana naye.

Tunachodai

Tunajua yatakayosemwa. Litasemwa kwamba Neno la Mungu lihubiriwe wakati ufaao na usiofaa. Tunakubali, na tunauliza kama orodha ya wadaiwa ni Neno la Mungu. Litasemwa kwamba kuna misiba na wagonjwa. Hao wapigiwe simu kwa sauti, mtu kwa mtu, kama tulivyofanya siku zote. Simu itakapokuwa haipigwi ovyo, ikilia kila mtu atajua kuna jambo. Litasemwa pia kwamba tunawatetea wazembe. Mwenzetu wa duka la dawa alikiri kosa lake mbele ya wote. Tunaomba ujasiri kama wake kwa upande wa watumaji.

Kwa hiyo tunadai haya, na tumeanza nayo sisi wenyewe katika jumuiya yetu.

Grupu la jumuiya lizungumze mara tatu tu: asubuhi kabla ya watu kwenda kazini, saa sita mchana, na jioni baada ya saa kumi na mbili. Nje ya hapo wasimamizi walifunge, na WhatsApp inawaruhusu kufanya hivyo.

Majina ya wasiotimiza ahadi yasiandikwe kwenye grupu lolote la Kanisa, saa yoyote. Mwenye kumdai mwenzake amwendee nyumbani, wakae, amjue hali yake.

Anayefanya kazi ya kushika uhai wa watu, yaani muuguzi, mwuza dawa, dereva, fundi umeme, asidaiwe jibu la haraka na ndugu yeyote wa Kanisa akiwa kazini. Ukimya wake tuuhesabu kuwa huduma.

Waajiri walio waumini wasitume maagizo baada ya kazi wala Jumapili, isipokuwa kwa dharura ya kweli, na dharura wapige simu.

Na sisi sote, tunapomhudumia mtu, tugeuze simu ifudifudi au tuiweke kwenye droo, tumtazame machoni kwanza, ndipo tuandike.

Tumeyafuata haya kwa miezi kadhaa. Wiki ya kwanza yalivunjwa mara nne, na mara mbili kati ya hizo aliyevunja alikuwa kiongozi. Mchango wa jubilei haukupungua. Waliokuwa nyuma tuliwatembelea, na katika nyumba tatu tulikuta mambo ambayo hakuna grupu lingetwambia: mtoto aliyesimamishwa shule kwa kukosa ada, mume aliyepoteza kazi akaona aibu kusema, na mama aliyekuwa haoni vizuri tena hata herufi za simu yake. Hao walikuwa kwenye orodha yetu.

Mwenzetu bado yuko duka lile lile. Bibi humwendea kila mwezi kuchukua dawa zake, ingawa kuna duka jingine karibu zaidi na kwake. Tulipomwuliza sababu alitujibu kwamba siku hizi kijana yule, kabla ya kuandika bahasha, humwuliza ameamkaje na kusubiri jibu. Jumuiya nyingine za Bigwa, na za Morogoro yote, tunawaomba mkae kikao kimoja juu ya jambo hili kabla ya Kwaresima. Mkikubaliana, tangazeni kanisani Jumapili, mbele ya nyuso za watu. Msitume kwenye grupu saa nne asubuhi.